Kisu cha Chuma Kilichokataa Kuonekana Jiwe

Kisu chenyewe kilikuwa kimetengenezwa kwa ustadi. Nalitanguliza hilo ili yatakayofuata yasisomwe kana kwamba namshushia hadhi fundi wake, maana ana mkono mtulivu na jicho la kuona upindo mdogo kabisa wa chuma. Mteja alikuwa ameagiza pambo la kusimama juu ya kibao: kisu cha chuma ambacho mtu akikitazama adhani kimemegwa kutoka kwenye jiwe la gumegume. Fundi akachukua bamba la feleji ya 1084, aina yenye kaboni nyingi, unene wa milimita 4, akakata umbo, akachonga vishimo pande zote mbili kwa mashine ndogo ya mkononi, akakitia matiko, yaani akakipasha moto na kukizamisha ili kiwe kigumu, akakipaka dawa ya weusi, kisha akafunga mpini wa pembe ya kulungu kwa uzi wa kano.

Mteja alikigeuzageuza, akasema: "Kaka, mkono wako naujua na sina shaka nao. Ila hiki nakiona kama sufuria iliyogongwagongwa."

Hakuweza kueleza zaidi ya hapo, na fundi alipokitazama tena hakuona kasoro. Vishimo vilikuwa safi, vimepangwa kwa nafasi sawa. Akaniletea nikitazame kwa kuwa mimi huchonga chuma na pia nimejifunza kumega mawe. Kisa hiki kinastahili kuelezwa kwa urefu kwa sababu kosa lililokuwamo haliko kwenye mkono. Liko kwenye namna ya kufikiri juu ya jiwe, na nimeliona kwenye visu vingi vya aina hii, hata vya mafundi wenye sifa kubwa.

Jiwe linavyomegeka

Gumegume na obsidiani, ile bilauri nyeusi inayozaliwa na volkano, havina nyuzi wala tabaka za kuongoza mpasuko. Ukivipiga, ufa hufuata nguvu ya pigo lenyewe. Pigo likigusa uso wa bilauri kwa ncha, ufa huteremka ndani ukipanuka kwa umbo la pia, jambo ambalo Heinrich Hertz alilichunguza katika miaka ya 1880 na ambalo mpaka leo linabeba jina lake. Mmegaji hapigi katikati ya jiwe. Anapiga ukingoni, ili sehemu tu ya ile pia ipite ndani ya jiwe na kung'oa kibanzi chembamba kinachoteleza chini ya uso mpaka kiishe.

Kovu linalobaki baada ya kibanzi kung'oka lina tabia zake, na hazibadiliki kwa matakwa ya mtu. Huanzia ukingoni. Karibu na pale lilipoanzia kuna bonde dogo, mahali kinundu cha kibanzi, ule uvimbe mdogo ulio karibu na mahali pa pigo, kilipokuwa kimelala, na hapo ndipo penye kina kikubwa zaidi. Kutoka hapo kovu huenda likipungua kina kuelekea katikati ya bapa mpaka linayeyuka ndani ya uso. Ndani yake huweza kuonekana viwimbi hafifu vilivyopinda kuzunguka mahali pa pigo, na kandokando michirizi myembamba inayofuata upande nguvu ilikokwenda. Mara nyingine ufa haufiki mwisho wake kwa upole: unakatika ghafla na kuacha ngazi, au unajikunja kwenda juu na kuacha mdomo wa mviringo.

Jambo la mwisho ndilo lililo muhimu kuliko yote. Makovu hayazaliwi pamoja. Kila kibanzi kipya hukata sehemu ya kovu lililotangulia. Ukishika kisu cha jiwe na kukitazama kwa makini, unaweza kusema kovu lipi lilikuja kwanza, lipi likalikata, na lipi ni la mwisho kabisa. Wanaakiolojia hufanya kazi hiyo kila siku. Wanachora mpangilio wa mapigo kwa kutazama matuta yaliyo kati ya makovu. Jicho la mtu wa kawaida halijui kufanya hivyo kwa maneno, lakini linahisi. Uso usio na mpangilio wa matukio haulisadikishi, hata mwenye jicho asipojua kwa nini.

Nilichokiona chini ya taa

Niliweka kisu mezani chumbani penye giza na kulaza taa pembeni, karibu usawa wa meza, ili mwanga uparaze uso. Hakuna njia bora ya kukagua kazi hii. Mwanga wa juu huficha kila kitu, na mafundi wengi hukagua kazi zao chini ya taa ya dari kisha wanashangaa picha zinapotoka tofauti.

Kwanza, vishimo vya katikati havikuwa na asili. Vilikuwa visiwa vya mviringo, vimezungukwa na matuta pande zote, bila njia ya kufika ukingoni. Jiwe haliwezi kufanya hivyo. Hakuna pigo linaloweza kuchota kibanzi kutoka katikati ya uso bila kupitia ukingoni, au bila kuanzia kwenye tuta lililoachwa na pigo lingine. Fundi alikuwa ametumia kichwa cha kuchongea cha kabidi, kitu kigumu kuliko feleji, chenye umbo la mpira, na mpira ukishushwa wima juu ya chuma hutoa bakuli. Mabakuli mengi yakikaa pamoja hutoa kile ambacho mteja alikiona: chuma kilichopigwa nyundo.

Pili, kina kilikuwa kilekile kila mahali. Bonde lenye kina sawa tangu mwanzo hadi mwisho halina mwelekeo. Huwezi kusema nguvu ilitoka wapi.

Tatu, na hili fundi alilipinga kwa muda mrefu, hakukuwa na kovu lililokata jingine. Kila kishimo kilikuwa kimeheshimu mipaka ya jirani yake. Aliniambia alifanya hivyo makusudi ili matuta yabaki makali na sawa. Ni mantiki nzuri kwa mtu anayechora nakshi, lakini kwa jiwe ndiyo inayoua kazi. Tuta la jiwe ni mstari wa ugomvi kati ya makovu mawili, na katika kila ugomvi kuna aliyekuja baadaye akachukua eneo la mwenzake.

Ukingo nao ulikuwa mstari mnyoofu. Kisu cha jiwe kikitazamwa kutoka mbele, makali yakielekezwa kwenye jicho, huonekana kikiyumba kushoto na kulia, kwa sababu vibanzi vimetoka zamu kwa zamu pande mbili. Fundi alikuwa amenoa makali kwanza na kuchonga baadaye, akisimamisha vishimo milimita chache kabla ya ukingo ili asiuharibu. Kwa hiyo bapa zima lilizungukwa na utepe laini unaong'aa. Utepe huo peke yake ungetosha kufichua siri.

Halafu kulikuwa na ile hatua ya chini karibu na mpini, pale mteremko wa makali unapoishia na chuma kuanza kuwa cha unene kamili. Kwenye kisu cha kawaida ni alama ya ustadi. Jiwe halina kitu hicho, kwani hakuna namna ya kumega mstari uliosimama wima na kunyooka kiasi hicho. Mtazamaji huenda asijue jina la sehemu hiyo, lakini ameiona kwenye kila kisu cha jikoni maishani mwake, na akiiona hapa akili yake inakwenda kwa chuma moja kwa moja.

Jiwe lililoiga metali

Nilimweleza fundi habari moja ambayo naipenda sana, na naamini ilimsaidia kuliko maelezo yangu yote ya nyufa. Katika nchi za Skandinavia, mwishoni mwa Enzi Mpya ya Mawe, kuanzia takribani 2350 KK hadi 1700 KK, wamegaji walitengeneza majambia ya gumegume yaliyoiga majambia ya metali yaliyokuwa yakifika kutoka kusini. Metali ilikuwa adimu kwao na gumegume ilikuwa tele. Lile la Hindsgavl, lililoko kwenye Makumbusho ya Taifa ya Denmark, lina urefu wa takribani sentimita 29.5 na unene usiofika sentimita 1. Mtu alichukua jiwe linalovunjika kwa pigo lisilo sahihi akaliongoza mpaka likawa na bapa na mpini wa jambia la metali.

Wale mabingwa walijua metali inavyoonekana, lakini hawakujaribu kulazimisha jiwe liwe na uso wa metali. Waliiga umbo, wakaacha makovu yabaki makovu. Fundi wetu alifanya kinyume: aliacha umbo la kisu cha chuma lilivyo, na ile hatua yake ya chini na makali yake manyoofu, kisha akabandika juu yake ngozi aliyoidhani ya jiwe. Umbo ndilo lilipaswa kubadilika kwanza.

Kuna mfano mwingine unaofaa. Kisu cha Gebel el-Arak, cha Misri ya kabla ya mafarao, kiko Louvre mjini Paris. Watu wengi wanakijua kwa mpini wake wa jino la kiboko uliochongwa wanyama na wapiganaji, lakini bapa lake la gumegume ni ajabu zaidi kwangu. Upande mmoja umesuguliwa ukawa laini. Upande mwingine umemegwa kwa makovu membamba yaliyo sambamba, yanayopita bapa kwa mpangilio usiotetereka. Mpangilio wa aina hiyo uliwezekana kwa sababu mmegaji alilisaga jiwe likawa laini kwanza, ndipo akaanza kung'oa vibanzi kwa shinikizo la ncha. Uso uliokwisha kusawazishwa huacha kila kibanzi kisafiri sawa na mwenzake. Somo hilo linahamia kwenye chuma bila kupoteza kitu: makovu mazuri hutegemea uso uliotayarishwa chini yake.

Bapa la pili

Fundi alikubali kuanza upya. Nilimshauri aache bamba la milimita 4. Hesabu yenyewe ni rahisi: kovu kubwa linahitaji kina cha milimita 1 hivi ili lionekane kwa mwanga wa kawaida, na ukichonga kina hicho pande zote mbili mahali palepale unabaki na milimita 2 katikati ya kisu, huku kingoni ambako bapa limeshateremka ukikaribia kutoboa. Safari hii alichukua milimita 6.

Kabla ya kovu hata moja, alisaga bapa lote kwenye mashine ya ukanda wa msasa mpaka likawa na umbo la dengu likikatwa kwa upana: nene katikati, likiteremka kwa mviringo mpole pande zote mbili. Unene ulipungua pia kuelekea nchani. Hatua ya chini haikuwepo. Mahali bapa linapokutana na msuka, ule mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini, alikata pengo pana kila upande, kwa kuwa visu na mikuki ya mawe hupewa mapengo ya kufungia kano, na mapengo hayo yanaficha kabisa mahali ambapo fundi wa chuma angeweka hatua yake.

Kisha alichora. Kwa kalamu ya wino mzito aliweka vitone ukingoni, kila kimoja kikiwa mahali pa pigo. Vya upande mmoja vilikaa katikati ya nafasi za vya upande wa pili, na kutokana na mpishano huo tu makali yangeyumba yenyewe bila kulazimishwa. Kutoka kila kitone alichora mshale kuonyesha nguvu inakwenda wapi. Mishale michache ya kwanza ilikuwa mirefu, ikivuka mstari wa kati. Hiyo ndiyo makovu makubwa ya mwanzo, yale ambayo mmegaji huyapata kwa kupiga kwa gongo la pembe au jiwe laini. Nilimwomba aandike namba kwenye kila mshale. Alidhani ni utaratibu wa bure. Lakini namba ndizo zinazoamua nani anamkata nani, na mkono ukianza kuchonga bila namba, unarudi kwenye mazoea ya kuheshimu mipaka.

Makovu makubwa aliyachonga kwa gurudumu dogo la msasa, lenye upana wa kidole, akililaza karibu sambamba na uso na kuingia kutoka ukingoni kwenda ndani. Gurudumu likiingia hivyo huuma zaidi mwanzoni, na mkono ukiinuka taratibu linatoka bila kuacha alama ya mwisho. Kwa mwendo huo mmoja unapata bonde la kinundu na mwisho unaoyeyuka. Ni furaha kuona likitokea, kwa sababu chombo na jiwe vinakubaliana: vyote vinaanzia nje na kuishia ndani.

Makovu ya pili, madogo na mengi zaidi, yalifanywa kwa kichwa cha kabidi chenye umbo la mwali wa mshumaa, kikilazwa ubavu. Ule mpira wa kwanza ulitumika mahali pamoja tu, kuzamisha kidogo bonde la mwanzo wa kovu pale gurudumu lilipokuwa limepita juujuu. Fundi alichonga kwa namba, kovu la 9 likila robo ya kovu la 4, la 10 likila pembe ya 9, na kadhalika mpaka uso wote ukawa na historia. Hapo ndipo alipoona mwenyewe. Alisimamisha mashine, akalaza taa, akaniita nije. Kuanzia hapo sikuwa na la kumfundisha kuhusu makovu.

Kuhusu viwimbi nilimzuia. Alitaka kuvitia kila mahali, kwa kuwa ni vizuri na vinatambulika. Katika gumegume nzuri viwimbi ni hafifu, na makovu mengi madogo hayana hata kimoja kinachoonekana. Alivitia kwenye makovu matatu makubwa, kwa kukwangua kwa mkono, kila kiwimbi kikiwa upinde unaozunguka kitone cha pigo. Upinde ukigeuzwa upande usio wake, mtu aliyewahi kumega jiwe ataona papo hapo.

Ngazi iliyopasua chuma

Hapa kazi ilipata ajali, na naieleza kwa kirefu kwa sababu ndipo jiwe na chuma vinapoachana.

Ngazi, ule mwisho wa ghafla wa kovu, ni pambo linaloleta ukweli kuliko yote. Mmegaji huichukia, maana inamzuia kupunguza unene wa jiwe, lakini hakuna anayekwepa kupata moja au mbili. Fundi alichonga ngazi mbili karibu na mstari wa kati, na ili pembe yake iwe kali alitumia gurudumu jembamba la kukatia. Zilipendeza sana. Akapasha bapa mpaka nyuzi 815 hivi za Selsiasi, akalizamisha kwenye mafuta yaliyopashwa kidogo, na ikasikika sauti fupi kali. Ufa ulianzia kwenye kona ya ndani ya ngazi moja ukaenda mpaka ukingoni.

Feleji inapozimishwa kwenye mafuta, nje hupoa kabla ya ndani, na mabadiliko ya muundo wake huifanya ivimbe kidogo ikigeuka kuwa ngumu. Nguvu za kuvutana ndani ya chuma wakati huo ni kubwa mno. Kona kali ya ndani huzikusanya mahali pamoja, na chuma ambacho sekunde chache zilizopita kilikuwa laini sasa ni kigumu na hakijalegezwa, yaani hakijapashwa tena kwa joto dogo ili kisivunjike kirahisi. Makovu ya kawaida, yenye mabonde ya mviringo, hayana hatari hiyo. Ngazi yenye kona iliyokatwa kwa gurudumu jembamba inayo yote.

Kulikuwa na njia mbili za kusonga mbele, na hapo mimi na fundi hatukukubaliana. Rai yangu ilikuwa kwamba pambo la kusimama juu ya kibao halihitaji matiko hata kidogo. Chuma laini hakipasuki, hakipindi kwenye mafuta, na kinachongwa mpaka dakika ya mwisho. Fundi alikataa. Alisema kisu kinachotoka kwake lazima kiwe kisu, na mtu akikishika miaka 20 ijayo akitaka kukitumia, kikate. Nilijaribu kumshawishi, kisha nikaacha, kwa kuwa anachokitetea ni heshima ya jina lake na mimi sina haki ya kukigusa. Bado naamini kwa fundi asiye na tanuri la kuaminika njia ya chuma laini ndiyo bora.

Kwa hiyo bapa lililofuata alilichonga lote likiwa laini isipokuwa ngazi. Sehemu ya ngazi aliiacha na bonde la mviringo, na ukingo wote akauacha na unene wa milimita 1 na nusu. Kabla ya matiko alilipasha mpaka karibu nyuzi 650 na kuliacha lipoe polepole, ili mikazo iliyoletwa na kusaga iishe na bapa lisipinde; bapa lililochongwa pande mbili kwa makovu yasiyolingana hupenda sana kupinda. Akatia matiko, halafu akalilegeza kwenye joto la nyuzi 200 kwa saa 2, akarudia. Tupa iliteleza juu yake bila kuuma.

Kona za ngazi alizikata baada ya hapo, kwa ncha ya almasi na maji, kidogokidogo. Chuma kilichokwisha kulegezwa hakina tena ile mikazo ya mafuta. Hatari iliyobaki ni joto: rangi ya majani makavu ikitokea kwenye feleji iliyolegezwa kwa nyuzi 200, ujue ugumu umeanza kutoroka mahali hapo. Alichonga kwa vidole vitupu vikiwa vimegusa chuma, na kikipata moto wa kumsumbua anakichovya kwenye maji. Barakoa ya vumbi hakuivua muda wote, na wala asingepaswa. Vumbi la chuma, la msasa na la kabidi likiingia kwenye mapafu halitoki kirahisi.

Makali yasiyonolewa

Swali la makali lilikuwa dogo kwa maneno lakini likaamua sura ya kisu. Ukinoa kisu hiki kwa kinoo cha kawaida, unapata tena ule utepe unaong'aa, mnyoofu, na kila kitu ulichokifanya kinakufa. Jiwe hunolewa kwa kumegwa tena: vibanzi vidogo sana hung'olewa ukingoni kwa ncha ya pembe, upande huu na upande ule. Fundi alifanya hivyohivyo kwa tupa ya almasi ya mviringo, akiiingiza kwa pembe ya mteremko kutoka kila upande kwa zamu, kila mguso ukikata sehemu ya mguso uliotangulia. Makali yaliyopatikana yana vijino visivyolingana na yanakata karatasi kwa kuvuta, si kwa kusukuma. Nilimshauri aishie hapo na mteja aelezwe kwamba kisu kina makali ya kweli.

Rangi

Bapa la kwanza lilikuwa jeusi la kung'aa kwa rangi, lakini ndani ya vishimo lilikuwa na mikwaruzo mikavu. Hiyo ilikuwa rangi ya obsidiani juu ya uso wa gumegume, na mchanganyiko huo hauko duniani. Lazima mtu achague. Obsidiani ni bilauri: makovu yake hung'aa kama kioo na matuta yake ni makali kabisa. Ukiitaka kwenye chuma, suguza kila kovu mpaka liakisi, kisha ulitie weusi. Nadhani ndiyo kazi ya heshima zaidi kwa chuma, kwa kuwa chuma kinapenda kuakisi na gumegume haiakisi. Gumegume ina mng'ao wa nta, na kingo zake nyembamba hupitisha mwanga kidogo. Hilo la mwisho chuma hakiwezi kulifanya na ni bora kulikubali mapema.

Mteja alikuwa ameomba gumegume nyeusi. Fundi alisuguza kila kovu kwa msasa uliozungushiwa kijiti, kuanzia namba 120 mpaka 400, akifuata mwelekeo wa mshale wa kovu hilo na si mwingine, ili hata mikwaruzo iliyobaki isome kama michirizi ya mpasuko. Gurudumu la kitambaa la kung'arishia lilipigwa marufuku karakana nzima, kwani kwa dakika moja linaweza kulainisha matuta yaliyochukua siku. Kisha bapa likasafishwa mafuta yote na kuzamishwa kwenye mchanganyiko wa kloridi ya chuma na maji, sehemu 1 kwa 4, ndani ya chombo cha plastiki, kwa muda mfupi mfupi, likitolewa na kufutwa kila mara. Glavu na miwani vilivaliwa. Baada ya mzamisho wa mwisho lilioshwa kwa maji yenye magadi ili kuzima tindikali, likakaushwa kwa hewa ya moto mpaka ndani ya ngazi, mahali ambapo tone moja lililosahauliwa hurudi kama kutu ya kahawia.

Matokeo yalikuwa kijivu cheusi kisichong'aa. Fundi alipitisha msasa laini sana juu ya matuta tu, mara moja, ili yawe hafifu kidogo kuliko mabonde. Nilitaka akomee hapo, na akakomea. Ukizidisha, matuta yanawaka na kisu kinarudi kuwa chombo cha chuma kilichozeeshwa kwa dawa. Nta ikapakwa mwisho, si mafuta, kwa sababu nta ndiyo inayokaribia mng'ao wa gumegume na hailoweshi uzi wa kano.

Mpini haukuwa na tatizo kubwa. Gundi iliyokuwa inang'aa kwenye kiungo ilifunikwa kwa lami ya miti iliyochanganywa na unga wa mkaa, na pini za chuma zikaondolewa.

Lililobaki

Mteja alikipokea, na safari hii hakutaja sufuria. Alichouliza ni uzito. Feleji ina uzito wa gramu 7.85 hivi kwa kila sentimita ya ujazo na gumegume ina takribani 2.6, kwa hiyo mkono unajua ukweli mara tu kisu kinapoinuliwa, hata jicho likiwa limekubali. Kwa pambo la kutazamwa si kitu. Ila mteja huyu anapenda kuwapa wageni wakishike, na fundi sasa anapima kama msuka unaweza kutobolewa mashimo mfululizo ndani ya mpini bila kudhoofisha mahali unapokutana na bapa. Nimemwambia asitoboe karibu na yale mapengo ya kufungia kano: hapo upana umeshapungua pande zote mbili, na kona zake za ndani zilipita kwenye mafuta sawa na ngazi.

Kasoro moja naiona bado, na nimemwonyesha. Makovu ya pande mbili yanakutana katikati ya bapa kwa usahihi mno, kwenye mstari ulionyooka tangu mpini hadi nchani. Wapo wamegaji waliofikia usahihi huo, lakini kwenye kazi zao mstari wa kati huyumba walau kidogo, pale kovu moja linapokwenda mbali kuliko lilivyokusudiwa. Fundi anasema mteja ameupenda mstari huo. Kwenye bapa analolichora sasa mishale yote imelazwa mshazari, na mingine mitatu anaipitisha ng'ambo ya kati.